Kardinali Lavigerie: Aliyewaombea Watu Asiowahi Kuwaona



Mwezi Juni mwaka 1878, wamisionari kumi waliondoka Bagamoyo kuelekea bara. Tisa walikuwa mapadre na mmoja bruda. Walivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni, na pamoja nao walitembea mamia ya wapagazi waliobeba vitambaa, shanga, vyakula na vifaa vya Misa. Njia waliyoifuata ilikuwa ile ile ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Walipita Mpwapwa, wakavuka pori la Marenga Mkali lenye maji ya chumvi, wakaingia Ugogo, ambako msafara ulilipa hongo kwa watemi ili upate njia na maji, kisha wakaingia pori la Mgunda Mkali upande wa Tabora. Mwezi Agosti, kabla ya kufika Tabora, Padre Pascal, aliyekuwa mkuu wa kundi lililopangiwa Ziwa Tanganyika, aliugua homa akafariki. Wenzake walimzika wakaendelea na safari.

Wengi wetu tumesikia habari za Mapadre Weupe, yaani Shirika la Wamisionari wa Afrika. Tunawakumbuka Tabora, Mwanza, Bukoba na Sumbawanga. Aliyewatuma vijana wale kupita katika nchi hii ya katikati tunamjua kwa jina tu. Huyo ni Kardinali Charles Lavigerie. Hakuwahi kufika Bagamoyo, wala Ugogo, wala Tabora. Alikaa Algiers, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Hata hivyo watu wa huku aliwabeba katika sala zake, katika barua zake na katika hotuba zake mpaka kifo. Katika makala haya tumtazame mtu huyo, tukijiuliza swali moja: kuwaombea watu walio taabuni, ambao hujawahi kuwaona na huenda hutawaona, ni kufanya nini hasa?

Mtoto wa ofisa wa forodha

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, kusini magharibi mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa ofisa wa forodha. Wazazi wake hawakuwa watu wa kanisani sana, na mafundisho ya kwanza ya dini aliyapata kwa wanawake watumishi waliokuwa wakifanya kazi nyumbani kwao. Tusilipite jambo hili haraka. Kardinali aliyekuja kuhutubia wakubwa wa Ulaya alifundishwa ishara ya msalaba na watumishi wa ndani.

Alisoma seminari, akamalizia masomo yake Saint-Sulpice mjini Paris, akapewa upadre mwaka 1849. Alikuwa na akili nyingi na tamaa ya elimu. Mwaka 1854 alianza kufundisha historia ya Kanisa katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Kwa kipimo cha kawaida, maisha yake yalikuwa yamekwisha kunyooka: vitabu, mihadhara, na baadaye labda uaskofu wa mji mzuri.

Kilichoyageuza ni kazi aliyopewa pembeni. Aliombwa asimamie chama kilichokusanya misaada kwa ajili ya shule za Wakristo wa Mashariki. Mwanzoni ilikuwa kazi ya ofisini, ya kuandika barua na kuhesabu michango. Kisha mwaka 1860 zikaja habari za mauaji ya Wakristo katika Lebanoni na Siria. Maelfu waliuawa, vijiji vikachomwa, wajane na yatima wakajaa barabarani. Lavigerie aliomba misaada kote Ufaransa, halafu akapanda meli kwenda kuigawa mwenyewe.

Huko aliona kwa macho yake kile alichokuwa akikisoma katika barua. Aliona pia jambo lingine ambalo hakulitegemea. Mjini Damasko alikutana na Emir Abd el-Kader, Mwislamu kutoka Algeria aliyekuwa amepigana na Wafaransa kwa miaka mingi kabla ya kushindwa na kuhamishwa. Wakati wa mauaji yale, Abd el-Kader aliwaficha na kuwalinda maelfu ya Wakristo. Padre mwalimu wa historia alirudi Ulaya akijua kwamba Mungu ana watu wake hata mahali ambapo wengine hawatazamii kuwapata.

Mwaka wa njaa

Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, jimbo lenye heshima huko Ufaransa. Miaka minne baadaye aliliacha kwa hiari yake, akakubali kuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Watu walimshangaa. Algeria ilikuwa koloni, Wakatoliki wake wengi walikuwa walowezi, na serikali ya kijeshi haikutaka Kanisa liwaguse wenyeji.

Alifika mwezi Mei 1867. Tayari nchi ilikuwa imepatwa na tetemeko la ardhi, na ukame na nzige vilikuwa vimeharibu mazao. Kipindupindu kikafuata, kisha njaa, kisha homa ya matumbo na ya chawa. Watu walikufa kando ya barabara. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kueleweshwa sana habari kama hiyo. Wazee wa Ugogo wameipa njaa ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza jina lake, Mtunya, na jina hilo bado linatajwa ingawa walioiona wamekwisha kwenda. Njaa inayopewa jina ni njaa iliyoacha makaburi.

Lavigerie aliagiza watoto yatima waokotwe, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya elfu moja walikuwa mikononi mwa Kanisa. Alifungua nyumba za kuwatunza, akaandika barua kwa maaskofu na waamini wa Ulaya akiomba sala na chakula kwa pamoja. Njaa ilipopungua, serikali ya koloni chini ya Marshali MacMahon ilitaka watoto warudishwe. Lavigerie alikataa kuwafukuza wale wasio na pa kwenda, na ugomvi wao ukafika mpaka kwa Kaisari Napoleon III. Historia haina budi kusema pande zote mbili: askofu alitetea uhai wa watoto wale, lakini pia watoto wa Kiislamu walilelewa chini ya Kanisa katika nchi iliyotekwa, na jambo hilo liliwaumiza wenyeji wengi. Huruma iliyo chini ya bendera ya mtawala ni vigumu kuitenganisha na bendera hiyo. Tutakutana na ugumu huo tena mbele.

Katika kipindi hicho hicho cha njaa, gombera wa seminari kuu ya Kouba, karibu na Algiers, alikwenda kwa Askofu Mkuu pamoja na mafrateri watatu. Vijana hao waliomba wajitoe kwa ajili ya watu wa Afrika. Hiyo ndiyo mbegu ya Shirika la Wamisionari wa Afrika, lililoanza mwaka 1868. Mwaka uliofuata akaanzisha shirika la masista, Masista Wamisionari wa Bibi Yetu wa Afrika. Sisi mafrateri tunaosoma habari hii tunaweza kutabasamu kidogo: shirika lililofika Uganda, Tabora na Bukoba lilianza na mafrateri watatu waliobisha hodi kwa askofu wakati mji umejaa wagonjwa.

Kusali kwa kujifunza

Lavigerie aliwapa vijana wake masharti ambayo kwa wakati ule yalikuwa mapya. Waishi kwa jumuiya, wasipungue watatu mahali pamoja. Wavae, wale na walale kadiri inavyowezekana kama watu wanaowatumikia. Wajifunze lugha ya mahali, na mapema iwezekanavyo waitumie hata kati yao wenyewe. Wasiharakishe ubatizo: anayetaka kuwa Mkristo apitie miaka minne ya maandalizi, kwa kufuata desturi ya Kanisa la kale. Ukatekumeni mrefu tunaoujua katika parokia nyingi za Tanzania una mizizi yake huko.

Masharti hayo yanaonekana kama utaratibu wa kazi tu, lakini kwa maoni yangu ni mafundisho juu ya sala. Mtu anayejifunza lugha ya mwenzake anamkubali kuwa mtu mwenye neno la kusema. Mtu anayesubiri miaka minne anakiri kwamba si yeye anayeongoa. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba hatusali ili kubadili mpango wa Mungu. Tunasali ili tuyapate yale ambayo Mungu amepanga tangu milele kuyatoa kwa njia ya sala zetu. Kwa hiyo anayesali anaingia katika kazi ya Mungu kama mshiriki, na mshiriki hawezi kukaa pembeni akitazama.

Juu ya kilima kinachotazama bahari, Algiers, kuna Basilika ya Bibi Yetu wa Afrika, iliyotabarukiwa mwaka 1872 wakati wa Lavigerie. Alianzisha hapo desturi ya kuwaombea waliokufa baharini: makleri walitoka nje na kuyabariki maji yale kama tunavyobariki kaburi, kwa sababu waliokufa majini hawakuwa na kaburi lingine. Ndani ya basilika hiyo kuna maandishi yanayomwomba Bikira Maria atuombee sisi na Waislamu. Yapo mpaka leo. Kanisa lililojengwa na Wakristo wachache katikati ya Waislamu wengi liliandika ukutani kwamba sala yake haina mpaka wa dini.

Gharama ililipwa na nani?

Mwaka 1878 Baba Mtakatifu Leo XIII, aliyekuwa amechaguliwa siku chache tu, aliidhinisha mpango wa kuwakabidhi vijana wa Lavigerie utume wa Afrika ya kati, kuzunguka maziwa makuu. Ndipo msafara ule wa watu kumi ulipopita katika nchi hii. Kundi moja lilifika Ujiji mwezi Januari 1879. Jingine lilikwenda Ziwa Viktoria, na mwezi Februari 1879 Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans wakatia nanga Uganda. Padre Lourdel ndiye Mapera wa habari za Mashahidi wa Uganda.

Msafara wa pili ulipita njia hii hii mwaka 1879, na baadhi ya waliokuwa ndani yake walifariki kabla ya kufika. Mwezi Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa Rumonge, katika nchi ya Burundi ya leo. Katika jangwa la Sahara mapadre watatu walikuwa wameuawa mwaka 1876, na wengine watatu wakauawa mwishoni mwa 1881. Barua za habari hizo zilimfikia Lavigerie mezani kwake Algiers, moja baada ya nyingine. Alikuwa akiwajua kwa majina. Wengine aliwapa upadre kwa mikono yake mwenyewe.

Hapa swali letu linakuwa zito. Ni rahisi kusema kwamba sala ina gharama, lakini mara nyingi gharama ya sala ya mkubwa hulipwa na wadogo. Lavigerie alizeeka na kufia kitandani, na Padre Pascal alizikwa njiani. Wapagazi waliofia njiani katika misafara ya karne ile hawana hata kumbukumbu ya majina. Sidhani Lavigerie aliichukulia hali hiyo kirahisi, kwa maana hakuacha kuandika, kuonya na kuwahimiza vijana wake watunze afya zao. Hata hivyo aliendelea kutuma. Aliamini kwamba watu waliokuwa wakifungwa minyororo kandokando ya Tanganyika walikuwa na haki ya kupata mtu wa kusimama nao, hata kama mtu huyo angeishi mwaka mmoja tu.

Sauti ya mwaka 1888

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara biashara hiyo haikukoma. Wamisionari wa Tabora, Ujiji na Karema waliandika waliyoyaona: vijiji vilivyovamiwa usiku, wanawake waliofungwa shingo kwa shingo, watoto walioachwa njiani kwa sababu hawakuweza kutembea. Walikomboa watoto waliowaweza, wengine wakawalea Kipalapala karibu na Tabora. Lakini waliona kwamba kila mtoto aliyekombolewa kwa vitambaa aliacha wengine wengi nyuma yake, na tena malipo yale yaliweza kumpa mfanyabiashara sababu ya kukamata wengine.

Lavigerie, ambaye tangu 1882 alikuwa kardinali, na tangu 1884 Askofu Mkuu wa Karthago pia, alizisoma barua hizo. Mwaka 1888 Papa Leo XIII alitoa waraka juu ya utumwa kwa maaskofu wa Brazil, na akamwomba Kardinali aende akaseme mbele ya Ulaya. Alikuwa na umri wa miaka 62 na afya yake ilikuwa mbaya. Alikubali. Tarehe 1 Julai 1888 alihutubia katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris, mahali pale pale alipokuwa mwanaseminari. Tarehe 31 Julai alisimama London mbele ya mkutano wa Chama cha Kupinga Utumwa, ambacho wanachama wake wengi walikuwa Waprotestanti. Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, alikuwa Brussels.

Hotuba zake zilikuwa na kitu ambacho hotuba nyingi za wakati ule hazikuwa nacho: majina ya mahali. Alitaja maziwa, alitaja njia, alieleza jinsi nira inavyofungwa shingoni na kwa nini walio dhaifu huuawa kwanza. Idadi alizozitaja wanahistoria wa leo wanaziona kuwa za kukisia, lakini picha aliyoichora ilitoka kwa watu waliokuwepo. Wasikilizaji waliokuja kumwona kardinali wakaondoka wakimfikiria mwanamke wa Manyema. Vyama vya kupinga utumwa vikaanzishwa katika nchi kadhaa. Mwezi Novemba 1889 mataifa yakakutana Brussels, na mwezi Julai 1890 yakatia sahihi mkataba wa kupambana na biashara ya watumwa. Mwezi Novemba mwaka huo huo Papa Leo XIII aliagiza kwamba kila mwaka, katika sherehe ya Tokeo la Bwana, ufanyike mchango makanisani kwa ajili ya utume wa Afrika na kuwakomboa watumwa. Waamini wa kawaida wa Ulaya walipewa siku maalumu ya kuifungua mikono pamoja na midomo.

Doa lisilofutika

Ingekuwa vizuri kuishia hapo, lakini haingekuwa kweli. Lavigerie alikuwa Mfaransa mwenye kuipenda sana nchi yake, na aliunga mkono utawala wa Ufaransa nchini Tunisia. Aliamini kwamba wakamata watumwa hawawezi kuzuiwa kwa maneno, kwa hiyo alitaka mataifa yatumie nguvu, na hata alifikiria kuunda kikosi cha watu wa kujitolea wenye silaha. Katika hotuba zake aliusema vibaya Uislamu kwa ujumla, ingawa yeye mwenyewe alikutana na Abd el-Kader na alijua kwamba watu wa dini moja hawafanani.

Mataifa yaliisikia sauti yake kwa namna yao. Mwezi Oktoba 1888 ulifanyika mkutano mkubwa mjini Cologne wa kupinga utumwa, na miezi michache baadaye serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi kuja kuuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Kupinga utumwa ndiyo sababu iliyotajwa mbele ya bunge lao. Mwaka huo wa 1889 jeshi hilo lilifika Mpwapwa na kujenga ngome. Bendera iliyopandishwa pale haikushuka kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano, na watu wa Ugogo walikuja kuijua vizuri kodi yake na kiboko chake. Na utumwa wenyewe? Wajerumani hawakuufuta kabisa kisheria. Ulifutwa katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza, miaka thelathini baada ya kifo cha Lavigerie.

Je, hilo linaibatilisha sala yake? Nadhani hapana. Lakini linatufundisha kwamba nia njema ya anayesali haizuii wenye nguvu kuichukua na kuifanyia biashara yao. Anayewaombea watu walio taabuni anapaswa kuangalia ni nani anayemjibu kwa haraka kuliko Mungu, na anataka nini.

Atiman, tunda la subira

Kuna upande wa kazi ya Lavigerie ambao haukuhitaji jeshi lolote. Tangu mapema aliamini kwamba Waafrika ndio watakaoiinjilisha Afrika, na kwamba wamisionari wa kutoka nje ni waanzilishi tu. Mwaka 1881 alifungua Malta nyumba ya kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, ili warudi kuwatibu watu kama wahudumu wa afya na makatekista.

Mmoja wao aliitwa Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akaibwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe kusini mwa Algeria. Alisoma Malta, akaondoka 1888, mwaka ule ule wa hotuba kubwa, na 1889 akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alibaki. Alijifunza lugha ya watu, akaoa, akapata watoto, na mmoja wao akawa padre. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka sitini na mitano mahali pamoja.

Mikataba ya Brussels iliandikwa na mataifa ambayo hayakuwauliza Waafrika kitu. Atiman alikuwa mtu aliyeombewa ambaye naye akawa mwombaji, aliyetibiwa ambaye akawa mganga. Huko Buganda nako, vijana waliobatizwa na wanafunzi wa Lavigerie walikuwa wamekwisha kumwaga damu yao kati ya 1885 na 1887. Kanisa liliwatangaza wenye heri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Lavigerie aliwaombea watu wa maziwa makuu bila kuwaona, na leo ulimwengu mzima unaomba msaada kwa Karoli Lwanga na wenzake.

Mwisho wake na swali letu

Katika miaka yake ya mwisho Kardinali alichoka. Mwaka 1890 aliwahimiza Wakatoliki wa Ufaransa wakubali serikali ya jamhuri, kama Papa alivyotaka, na jambo hilo lilimpotezea marafiki wengi na michango mingi. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892 akiwa na miaka 67. Alizikwa Karthago, na mwaka 1964 mabaki yake yakahamishiwa Roma, katika nyumba kuu ya shirika lake.

Kando ya ziwa lile lile ambalo wanafunzi wake walilifikia mwaka 1879, mkoa wa Kigoma leo umewapokea wakimbizi wa Kongo na Burundi. Kambi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996, na humo kuna watu wazima ambao hawajui nyumbani kwingine. Hapa kwetu nyanda za kati, mvua ikikatika mwezi Januari, tunajua ni nyumba zipi zitalala bila ugali mwezi wa kumi na moja. Tunajua pia kuna mabinti wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi ya kazi za ndani mjini, kisha simu zao hazipatikani tena. Katika Sala ya Waamini tunawaweka wote hao katika sentensi moja, tunawaombea wenye shida mbalimbali, tunajibu pamoja, tunaketi.

Sisemi sala hiyo ni bure. Mungu husikia hata sentensi fupi. Ila maisha ya Lavigerie yanatuonyesha mtu ambaye sentensi fupi haikumtosha. Alitaka kujua njia inapita wapi na nani anafungwa. Alisoma barua hadi mwisho. Aliomba fedha bila aibu, na aliwatoa watu wake. Alipokosea, alikosea kwa kuwaamini mno wenye bunduki. Alipopatia, alipatia kwa kuwaamini Waafrika aliowapa elimu na muda.

Basi katika jumuiya zetu ndogo ndogo wiki hii, kabla ya kuwaombea wenye shida, mmoja wetu ataje jina la kitongoji, aseme nyumba ngapi zimeishiwa chakula, au binti gani wa jirani hajasikika tangu Pasaka. Kisha tusali. Na baada ya kusema Amina tusiinuke mpaka tumekubaliana nani atakwenda huko, siku gani, na atabeba nini.

Mama Yetu wa Afrika, utuombee sisi, majirani zetu Waislamu, na wote walio njiani.